Mahali Kichuguu Kilipokosekana

Mtacheka mkisikia nimestaafu. Nina miaka thelathini na sita, meno yangu yote yapo, na mama yangu bado anawaahidi majirani harusi. Lakini kazi ya kuchora nyumba nimeiacha. Ninyi mnaotoka kitivoni mwaka huu mmekuwa mkija kwangu mmoja mmoja kuniuliza kazi hii ikoje, nami nawajibu nusu nusu nikiwa nimeshika mlango. Sasa naandika yote mara moja, hata lile ambalo sijamwambia mtu wa rika lenu.

Mjue kwanza mnazungumza na nani. Wingu likipanda upande wa Kinsevere, mimi naacha ninachofanya. Kama nakula, tonge linabaki mkononi. Nasikiliza. Dada yangu anasema ni ugonjwa, niende nikaombewe. Labda. Lakini katika mji huu kuna nyumba ndogo nyingi nilizozichora, na ndani ya kila moja kuna watu wanaolala wakiamini kwamba mtu fulani aliyesoma alifikiria kila kitu. Nani alimwambia mtu huyo afikirie kila kitu? Nani anaweza?

Chuoni nilikuwa mtu wa kuuliza. Kwa nini nyumba ya mtu wa kipato kidogo iwe nakala mbaya ya nyumba ya tajiri, salon kubwa ya kukaribishia wageni na vyumba kama makabati? Kwa nini tofali lazima lichomwe, wakati kila tanuru linakula miti na tayari makala, yale makaa ya kupikia, yanatoka mbali kuliko yalivyotoka wakati wa mama zetu? Wenzangu waliniita Mama Kwa Nini. Nilipenda jina hilo kuliko nilivyoonyesha.

Basi nikaamua: nyumba ndogo, matofali ya udongo mwekundu yaliyoshindiliwa kwa mashine ya mkono na saruji kidogo, bila moto, paa lenye mabawa mapana ili mvua isipige ukuta, pipa la kukusanya maji. Kwenye karatasi hapakuwa na kasoro.

Nyumba ya kwanza niliijenga mtaa wa Bel-Air, ya mwalimu mmoja na mkewe. Ndani niliweka jiko zuri sana, lenye rafu na dirisha. Baada ya miezi mitatu nikapita kusalimia. Jikoni nikakuta kitanda, na juu ya kitanda mama wa mwalimu amelala usingizi mzito, miguu yake kwenye rafu yangu. Mke wa mwalimu alikuwa uani, amechutama mbele ya mbabula, jiko la makaa, anasonga bukari, ugali wetu.

"Mama, mbona jiko hamlitumii?"

"Mama Enjenia, makala nitawasha mule ndani? Moshi iende wapi? Mu pua ya mama-mukwe?" Akacheka mpaka mwiko ukasimama. "Kama ni kumuua, kuko njia ya bei chini."

Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na afadhali yote yangekuwa hivyo. Andikeni: watu wa hapa wanapika nje kwa makala. Wapeni paa la kupikia nje, upande ambako upepo wa kiangazi unaelekea, ili moshi usirudi vyumbani. Na liwe mahali ambapo mama akiinua kichwa anaona mlango na watoto. Msiwafundishe kuishi. Niliuliza kwa nini kuhusu kila kitu isipokuwa mahali sufuria inapokaa.

Aliyenifundisha kazi hasa ni fundi mwashi, Papa Ilunga. Alikuwa mfupi, mwenye kofia ya sufu hata wakati wa joto, na hakupenda kuongea kabla ya chai. Udongo aliujua kwa mikono. Anauloweka, anauviringisha viganjani mpaka uwe kama soseji nyembamba. Ukikatika upesi, mchanga ni mwingi. Ukijikunja kama nyoka bila kukatika, mfinyanzi ni mwingi, nao utapasuka ukikauka. Halafu anautia kidogo mdomoni na kuuma.

"Papa, nataka kuandika hiyo njia ya kuuma," nilimwambia siku moja, daftari mkononi.

"Utaandika nini? Meno yangu?"

Lakini aliniachia niongeze chupa: udongo na maji, unatikisa, unaacha mpaka kesho, unaona tabaka la mchanga chini na mfinyanzi juu. Siku ya kwanza chupa na meno vilipokubaliana, alinitazama kana kwamba chupa ndiyo iliyofaulu mtihani. Alinifundisha pia kwamba tofali lisilochomwa halitaki haraka. Mnalifunika kwa magunia, mnalinyunyizia maji kila siku, wiki baada ya wiki, huku mwenye nyumba analia kwamba muda unapita. Akija mwenye nyumba kulia, Papa Ilunga alichukua tofali bichi na moja lililokomaa, akayaachia yote mawili kutoka begani. Moja linakuwa vumbi. Mwenye nyumba anaenda zake.

Sasa nifike kwa Mama Masika.

Alizaliwa Butembo, akaja huku na mume aliyekuwa dereva wa malori. Mume akafa, yeye akabaki na watoto watatu na meza ya maharagwe sokoni. Miaka mingi walilala watu wanne katika chumba kimoja cha kupanga. Hatimaye akanunua kiwanja pembeni kabisa mwa mtaa wa Hewa Bora, mahali ambapo nyumba zinaanza kuachana. Alinipeleka kukiona akiwa amevaa kitenge cha kanisani.

"Mutoto yangu, angalia. Hakuna hata jiwe. Ni kama meza."

Kweli kilikuwa kama meza. Nilifurahi. Niliuliza karatasi za kiwanja, niliuliza maji ya mvua yanapita wapi, niliuliza jua la jioni linapiga wapi. Nikachimba shimo la kupima udongo mbele, karibu na lango, mpaka kifuani. Udongo mwekundu, safi, ule ule ninaoutaka kwa matofali. Shimo moja. Mkiniuliza kwa nini moja, jibu ninalo na si la kisomi: lile la kwanza lilinipa nilichotaka, jua lilikuwa kali, na nyumba ilikuwa ndogo. Papa Ilunga hakuwepo; alikuwa Likasi kwenye matanga ya kaka yake.

Aliporudi, msingi ulikuwa umeshamwagwa. Hakuuangalia. Alipanda juu ya rundo la matofali, akashika kofia yake, akaanza kutazama viwanja vya watu, huku, kule, tena huku.

"Papa, unatafuta nini?"

"Kichuguu ya hapa iko wapi?"

Ninyi mmezaliwa hapa, mmeviona vichuguu vyetu, vikubwa kuliko nyumba, lakini je, mmewahi kutazama vinavyokaa? Mimi sikuwahi. Havikai ovyo. Kila kimoja kina eneo lake, kama vile aliyevipanga alitembea na kamba. Papa Ilunga alinionyesha kwa kidole: kimoja nyuma ya ukuta, kingine kwenye kona ya barabara, cha tatu kimekatwa nusu, watu wamejenga choo ubavuni mwake. Kisha akashuka, akahesabu hatua kutoka kimoja hadi kingine, na hatua zake zikaishia ndani ya msingi wetu, chumba cha nyuma.

"Pengine hapa hakikuwepo," nilisema.

"Pengine."

"Muuzaji alisema kiwanja kilikuwa hivi tangu zamani."

"Muuzaji," akasema, basi.

Yeye alijua, nami nilijua, kinachowezekana. Udongo wa kichuguu ni mfinyanzi mzuri, wachoma matofali wanaupenda. Kama walichukua kilima cha juu tu, si neno. Lakini mara nyingi hawaachi usawa wa ardhi. Wanafuata ule udongo chini, wanaacha shimo, na shimo mjini halikai wazi. Linajazwa takataka, linafunikwa, nyasi zinaota, linakuwa meza.

Niliandika kwenye daftari: shimo la pili, nyuma. Nina daftari hilo bado. Sikulichimba. Saruji ilikuwa imeshafika, mvua zilikuwa zinakaribia, na Mama Masika alikuwa ameambiwa atoke kwenye chumba cha kupanga. Mtu aliyeuliza maswali maisha yake yote aliulizwa swali moja na mzee mwenye kofia ya sufu, akalijibu kwa pengine.

Nyumba ilikwisha, na ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Chumba cha mbele cha kukaa, ambamo mama alilala na kuweka magunia yake, chumba cha nyuma cha watoto, baraza, paa la kupikia. Pipa la maji lilikaa pembeni, na likijaa, bomba lilipeleka maji ya ziada nyuma ya nyumba, kwenye migomba niliyoichora mwenyewe kwa kalamu ya kijani. Wageni walipokuja niliwaonyesha bomba hilo. Nilikuwa nanywesha shimo.

Mvua zilipokuwa zimeanza kuzoeleka, Mama Masika akanipigia simu.

"Mutoto yangu, ukuta iko inacheka."

Ulikuwa ufa, mwembamba kama unywele, kutoka kona ya dirisha la nyuma kwenda juu kwa mshazari. Nikamwambia ni plasta, udongo unajikunja kidogo ukikauka, ni kawaida. Mara nyingine ni kawaida kweli. Hivi ndivyo mtakavyojua: chukueni kipande chembamba cha kioo, kibandikeni kwa saruji laini, ncha moja huku ya ufa na nyingine kule. Ukuta uliotulia haukivunji. Na mtazame ufa ni mpana wapi. Ukiwa mpana juu kuliko chini, ncha ya nyumba inashuka.

Kioo changu kilivunjika baada ya siku mbili. Nikabandika kingine, nacho kikavunjika. Juu, karibu na paa, ukucha wangu uliingia.

Nilikuwa nimepiga magoti pale chini ya dirisha, Mama Masika yuko sokoni, watoto shule, sauti ikatoka juu ya ukuta wa jirani. Alikuwa Mama Kapinga, bibi mmoja aliyekaa mtaa ule tangu nyumba zikiwa za kuhesabika. Wazee wake walitoka Kasai kama wangu, kwa hiyo alijiona ana haki ya kunigombeza.

"We binti, unatafuta nini ku bulongo? Kichuguu balikwisha kubeba zamani."

"Kichuguu gani, mama?"

"Njo hapo hapo! Mimba yangu ya kwanza, bulongo ya pale njo nilikulaka. Muzuri, we! Inanukia mvua." Mnajua wanawake wetu wenye mimba na udongo wa kichuguu, sina haja ya kueleza. "Kisha bantu ba matafari balikuja. Balichimba, balichimba, muntu akisimama ndani hauone kichwa. Kisha bakaenda."

"Na shimo?"

"Shimo? Tulitupaka bichafu. Bote. Hata mi." Akacheka, akanyoosha mkono kuonyesha jinsi alivyokuwa akirusha. "Majivu, maganda ya mihogo, godoro ya babu yangu. Yote iko pale."

Nikamshukuru. Nilimshukuru kweli, mnaweza kuamini? Nikakusanya vioo vyangu, nikaenda nyumbani.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipo hodari wa kujitetea. Siku ya kwanza nilijiambia bibi anaweza kukosea, mtu hamwambii tu mjane kwamba nyumba yake iko juu ya jalala kwa sababu ya maneno ya ukutani. Nilikuwa na shaka, na shaka ndiyo elimu yangu. Siku ya pili nilichora njia ya kuimarisha msingi, nguzo tatu za mawe, michoro mizuri. Mvua ikanyesha mchana nikiwa mezani, nikafunga dirisha ili karatasi isilowe. Siku ya tatu niliwapelekea watoto ndizi, nikamwambia Mama Masika wahamie chumba cha mbele kidogo, nataka kupaka rangi kule nyuma.

"Rangi mu mvua?" akasema. "Na maharagwe yangu nitalaza wapi, ku kitanda ya batoto?"

Nikasema basi, si haraka. Nikasema hivyo kwa mdomo huu. Siku ya nne ikanyesha tena. Papa Ilunga sikumwambia, kwa sababu yeye angemwambia.

Siku ya tano, saa sita mchana, wingu lilipanda jeusi kama sufuria. Nilipanda pikipiki, nikafika kabla yake. Ilikuwa Jumamosi, watoto wote walikuwa ndani, kitandani, wanacheza karata.

"Mama Masika, toa watoto."

"Kuna nini?"

"Watoe kwanza. Tafadhali."

"Niko nakuuliza, kuna nini?"

"Hapo chini palikuwa shimo. Kichuguu. Sijui kama ukuta utakaa."

Akawaita kwa majina yao yote matatu kwa pumzi moja. Tulikimbilia baraza la Mama Kapinga, mvua ikashuka. Nilimpigia Papa Ilunga, nikamwambia yote kwa kupiga kelele. Tukasimama tukitazama. Maji yalijaa pipa, yakaingia bombani, yakatoka nyuma. Nyumba ikasimama. Ikasimama mpaka tone la mwisho. Vijana waliojikinga mvua barabarani wakaanza.

"Mama Enjenia, nyumba yako inaogopa kulowa?"

"Muipatie mwavuli!"

Mama Masika aliwavuta watoto karibu naye. Na mimi, Mungu anisamehe, kwa dakika moja nilitamani idondoke, ili nionekane nilisema kweli.

Chumba kile tulikibomoa wiki ile, tofali kwa tofali kutoka juu, mengi yakatoka mazima. Tukakijenga upya upande wa mbele, kwenye udongo mzuri, baada ya mashimo manne. Ndicho cha mwisho nilichokichora. Mnaweza kwenda kukiona, nanyi mmejua kwa nini nakaa nyumbani. Lakini alasiri ile bado haijaisha.

Papa Ilunga alifika amelowa. Hakunisalimia. Aliingia ndani, akaanza kugonga sakafu kwa mpini wa nyundo, mahali hadi mahali, ameinamisha kichwa. Alianzia chumba cha mbele, akakimaliza chote: sauti fupi, ngumu. Mlangoni mwa nyuma, fupi, ngumu. Chini ya kitanda cha watoto ikalia kama ngoma.

Tulisogeza kitanda. Alivunja tundu la ukubwa wa sahani. Harufu ya zamani ikapanda, majivu yaliyolowa. Mama Masika alinisukuma pembeni, akapiga magoti, akakunja mkono wa gauni, akalala kifudifudi na kuingiza mkono mle. Kiwiko kikaingia. Bega likafika sakafuni. Niliona mkono ukizunguka chini, unatafuta.

Alipoutoa, akautazama. Ulikuwa safi. Haukugusa kitu: takataka zilikuwa zimeoza na kushuka na maji.

Akakaa pale pale sakafuni.

"Ulijua lini?"

Papa Ilunga aliacha kufuta nyundo. Mama Kapinga alikuwa amesimama mlangoni, na niliona usoni mwake kwamba hakumbuki ilikuwa siku gani tulipoongea. Ningeweza kusema leo asubuhi.

"Siku nne, Mama."

"Siku nne."

"Ndiyo."

"Na mvua ilipiga."

"Mara mbili."

Aliwatazama watoto wake waliokuwa uani, mmoja, mwingine, mwingine, kama mtu anayehesabu fedha asizoziamini. Nilingoja anitukane. Nilikuwa tayari, ingekuwa nafuu. Aliinuka, akakung'uta gauni.

"Papa Ilunga. Chumba ya mbele, iko sawa?"

"Chumba ya mbele iko ku bulongo ya kweli. Nimeigonga yote."

"Wewe mwenyewe unaweza kulala?"

"Ninaweza."

Akageuka kwangu. Nje palikuwa panaanza kunguruma tena, mbali.

"Papa anasema anaweza. Sijamuuliza yule alichora," akasema. "Leo hauendi kwenu. Utalala humu na batoto yangu, ku maharagwe. Mvua ikija, tutaisikia pamoja, unieleze ni kawaida."

Miaka yote ile sikuwa nimewahi kulala katika nyumba niliyoichora. Nikavua viatu, nikaingia chumba cha mbele.